Wimbo wenye kushauri na wimbo wenye kulazimisha

Wakati kolera inaingia katika muji wa Lubumbashi, watu wa afya wanapita mu makomini na megafone: chemsheni maji, osheni mikono, funikeni chakula. Maneno ni ya kweli, lakini mara mingi yanapita sawa upepo. Maneno yale yale yakiwekwa mu wimbo, watoto wanayashika mbio na kuyaingiza mu nyumba. Njo maana serikali, makanisa na mashirika wanatafuta waimbaji kila mara wakiwa na jambo la kutangaza. Hata hivyo, historia inatufundisha kama wimbo peke yake hautoshi. Kuko wimbo watu wanaupokea, na kuko ule wanaucheza paka kwa miguu, roho iko pembeni. Tofauti inatoka wapi?

Tuanzie kwa Waluba. Mbele wazungu wafike, kazi ya kuchunga historia ya ufalme ilikuwa ya chama cha mbudye. Watu wa chama hicho walishika lukasa, ni kusema kibao chenye shanga, na kwa kugusa shanga walikumbuka wafalme, safari na mambo ya utawala. Waliyatangaza kwa kuimba na kucheza. Lakini hawakukuwa watu wa kusifu tu. Chama chao kilikuwa na uwezo wa kumukumbusha mufalme mipaka yake. Kwa hiyo mutu aliyewasikiliza alijua kama neno lile linamufunga yeye, na linamufunga mukubwa pia.

Kisha ikaja kazi ya migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na muji wetu, Elisabethville ya zamani, mwaka wa 1910. Wafanyakazi walitoka mbali: Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini. Wengi waliacha jamaa nyuma. Kukatokea vyama vya ngoma, mufano mbeni, wenye kuvaa sawa askari na kupeana vyeo vya Kizungu. Mutu wa inje aliona muchezo. Kumbe wanachama walisaidiana mu ugonjwa na mu kilio. Ngoma iliwakusanya, na kusaidiana kuliwashikamanisha. Hapo ujumbe na tendo vilitembea pamoja.

Mu miaka ya 1950 gitaa ilichukua nafasi kubwa. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alikuta Mwenda Jean Bosco, wa kabila la Bayeke, kule Jadotville, muji wenye kuitwa leo Likasi, akarekodi wimbo wake Masanga. Sauti ya Bosco ilifika mbali mu Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa miaka ile alienda Nairobi, na kule alitumika kutangazia watu dawa ya Aspro. Wachuuzi walielewa mbele ya wengi kama watu wanasikiliza kwanza ule wanapenda, kiisha wanasikia kile anasema. Hiyo ni nguvu, lakini ni hatari pia, kwa sababu sauti yenye kupendwa inaweza kuuza dawa na inaweza kuuza uongo.

Utawala wa Mobutu ulijua nguvu hiyo. Nyuma ya kuanzisha chama cha MPR mwaka wa 1967, na zaidi mu miaka ya 1970, animasio politike iliingia mu masomo, mu maofisi na mu makampuni. Nyimbo za mababu na hata nyimbo za kanisa ziligeuzwa maneno, kusudi zisifu Kiongozi. Hata salongo, kazi ya kusafisha na kulima kwa faida ya wote, iliimbwa kama furaha, lakini watu walijua kama ni lazima. Mutu asiyeweza kukataa kuimba, kuimba kwake hakuonyeshe kitu. Wakati Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, tarehe 24 Aprili 1990, haikuomba nguvu kwa watu kuacha nyimbo zile.

Tuangalie sasa Franco Luambo. Mwaka wa 1984 aliimba Candidat na biso Mobutu, wimbo wa kuunga mukono utawala. Mwaka wa 1987 akatoa Attention na Sida, zaidi kwa Kifaransa, kuonya juu ya ugonjwa ambao wengi waliona haya kuutaja. Mwimbaji ni yule yule, lakini wimbo wa pili hauseme na watu wadogo peke yao. Unaita vijana na wazazi, lakini pia waganga, walimu, watu wa dini na wenye kuongoza inchi: kila mutu na kazi yake. Hapo Franco alirudilia, labda bila kujua, njia ya mbudye.

Tofauti njo hiyo. Wimbo wa kutumikia watu unapaswa kusema pande mbili: kwa mwananchi na kwa mukubwa. Wimbo wa kolera wenye kusema paka “osha mikono” mu avenue ambapo robine iko kavu, unamutupia mama kosa lisilo lake. Lakini wimbo wenye kumufundisha mama kuchemsha maji, na palepale kuuliza wenye kazi hiyo maji iko wapi, ule atauimba mwenyewe bila kulipwa.

Walimu wenzangu na wakubwa wa kwaya hapa Karavia, wakati mutu anatuletea maneno ya kuimbisha watoto, tumuulize mambo matatu. Maneno ni ya kweli? Ni mu Kiswahili ambacho mama wa soko anasikia? Na yeye mwenye kutuagiza, wimbo unamuomba nini? Kama haumuombe kitu, tumuambie kwa heshima: baba, hapo kunabakia couplet moja.