Kirangozi wa Injini

Ndugu msomaji, sisi watu wa mjini tumezoea kulipima gari kwa kasi. Injini ikinguruma, mwenye gari hujiona amepata mali. Wiki hii nataka tulipime gari kwa wakati, na mahali pa kulipimia ni njia za Ulyankulu, mkoani Tabora.

Njia za huko zina historia ndefu ya mizigo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, na mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia hiyo, biashara ya pembe ikatikisika. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Mbele yake alikwenda kirangozi, mtu wa kujua saa ya kuondoka, mwendo wa kufuata na saa ya kutua mzigo. Akikosea wakati, nguvu za mamia ya watu zilipotea bure.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini Ulyankulu haikufika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga, Urambo ya jirani ikiwa moja ya vituo vyake vitatu. Waliingiza nchini mitambo mikubwa, vikiwemo hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ukubwa wa mashine haukutosha kuishinda ardhi isiyojulikana vyema.

Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi Ulyankulu, katikati ya msitu wa miombo. Chakula, dawa na baadaye tumbaku, vyote vilitaka magari. Katika miaka hiyo gari la kutegemewa bara lilikuwa Land Rover. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza mwaka 1958 na kudumu hadi 1985, ilitoa nguvu za farasi 77 tu. Ilivukaje basi mchanga wa kiangazi na tope jeusi la mbuga wakati wa masika?

Jibu limo katika kamshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,250. Kamshafti ndiyo kirangozi wa injini: yenyewe haichomi petroli, ila huamua lini hewa iingie na lini moshi utoke.

Uamuzi huo una gharama. Valvu ya kuingiza ikichelewa sana kufungwa, injini inayokwenda polepole huirudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuivuta. Injini ikienda kasi, hewa huwa na msukumo wake, huendelea kujaa hata pistoni inapoanza kupanda. Ndiyo maana kamshafti ya gari la mashindano hukimbiza sana kwenye mizunguko ya juu, lakini chini ni dhaifu na hula mafuta. Waliounda Land Rover walichagua mzigo badala ya mbio. Mvuto wake mkubwa ulipatikana kwenye mizunguko 2,500, palepale dereva anapoingia mchangani kwa gia ndogo.

Sasa sikiliza hatari yake. Cheni ya taimingi ikilegea kwa uzee, kamshafti hubaki nyuma ya wakati. Gari huwaka, na kwenye lami hukimbia bila kulalamika. Likifika mchangani na mgonjwa ndani, linakata pumzi. Mwenyewe hubadili plagi, hufungua kabureta, mwisho huiuza injini kwa bei ya chuma chakavu, kumbe ugonjwa ulikuwa cheni. Fundi akiifunga cheni mpya na kukosea jino moja tu, mambo ni yaleyale.

Wataalamu walitafuta kwa muda mrefu injini yenye mvuto na kasi kwa pamoja. Alfa Romeo waliingiza sokoni valvu za kubadili wakati mwaka 1980, Honda wakafuata na VTEC mwaka 1989, kisha Toyota na VVT-i katika miaka hiyo ya 1990. Injini kuukuu haina bahati hiyo. Ina kirangozi mmoja, na uamuzi wake ni mmoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye gari la zamani, akija mtu kukuahidi kamshafti ya kuongeza mbio, muulize kwanza: mbio hizo zitatolewa wapi? Zitatolewa kwenye mvuto wa chini, ule unaopandisha mlima na kuvusha tope. Kama safari zako ni za lami tupu, shauri lako. Kama kijijini kwenu kuna njia kama za Ulyankulu, kagua cheni kabla ya masika, na mwache kirangozi wako aende kwa mwendo wake.

Tukutane tena juma lijalo.