Kwa Nini Ubao wa Tripleksi Hupinda?

Fundi seremala wa Bulengera anunua ubao wa tripleksi ulionyooka kabisa, apate kutengeneza milango ya kabati. Auegemeza ukutani, ashika kazi nyingine. Baada ya siku chache aukuta umepinda kama mtumbwi. Mteja amekwisha kulipa nusu ya fedha, naye angoja milango yake. Basi fundi ashika nyundo na misumari mirefu ili aulazimishe ubao ulale. Ngoja kwanza, ndugu fundi! Ubao huo una historia ndefu, na historia yenyewe yaonyesha dawa.

Mti hunywa maji na kuyatoa hata ukiisha kukatwa. Ukinywa huvimba, ukikauka husinyaa. Lakini huvimba kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi zake hubadilika kidogo mno. Watu wa Butembo wajua habari hii kwa mikaratusi iliyopandwa vilimani: mbao zake zikikaushwa kwa haraka hujipinda na kupasuka.

Wamisri wa kale waliona shida ileile. Huko Saqqara, katika piramidi ya mfalme Djoser, aliyetawala zaidi ya miaka 2,600 kabla ya Kristo, yalionekana mabaki ya jeneza la matabaka sita ya mbao, kila moja lenye unene wa milimita 4 hivi. Nyuzi za tabaka moja zilikata nyuzi za tabaka la pili, na yote yalishikwa kwa vijiti vya mti. Hivyo kila tabaka lilimzuia jirani yake asijipinde.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1865 John Mayo wa New York alipewa hati ya serikali kwa ajili ya mbao za matabaka. Mwaka 1905, katika maonyesho makubwa ya Portland, Marekani, watu walitazama mbao pana za namna hiyo zilizoungwa kwa gundi. Baadaye mashine zilienea: gogo lazungushwa mbele ya kisu kirefu, nalo lakunjuka kama mkeka. Kwa kawaida matabaka huwa 3, 5 au 7, ili uso wa juu ulingane na uso wa chini. Jina tripleksi lenyewe latokana na tatu.

Kumbe siri yote ni kulingana! Uso mmoja ukipata jua, na wa pili ukipata unyevu wa ukuta, mizani yavunjika. Tena bidhaa nyingi za Butembo hupita Kampala na Kasindi. Ubao ukitoka kwenye joto na kushushwa kwenye ukungu wa vilima hivi, vyenye kimo cha mita 1,700 na zaidi, si ajabu ugeuke.

Dawa ni hii. Tazama upande ulioingia ndani: ndio uliokauka zaidi. Upanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiuloweshe, maana gundi nyingine huachia. Ulaze ubao juu ya vipande vya mbao vilivyo sawasawa, upande huo ukitazama chini. Weka vipande vingine juu yake, kisha matofali, uuache kivulini siku kadhaa, hewa ipite pande zote mbili. Ukiisha kunyooka, paka rangi nyuso zote mbili, si ule unaoonekana tu. Ukikataa kunyooka, usiutumie kwa mlango. Ukate vipande vidogo vya kuingizwa katika fremu.

Nao uliobaki ghalani, ulaze, usiuegemeze.

Misumari italaza ubao leo, na kesho ubao utavuta fremu nzima. Mteja hatauliza habari za unyevu. Atasema tu kwamba fundi hajui kazi. Haraka haraka haina baraka.