Mwandishi na Wenzake Watano

Tarehe 31 Desemba 1970, wanamuziki sita Wamarekani weusi waliingia studio mjini San Francisco kurekodi santuri ambayo kila nikiisikiliza hunirudisha kwenye lugha yangu mwenyewe. Kiongozi wao alikuwa mpiga piano Herbie Hancock, mzaliwa wa Chicago. Santuri ilitoka mwaka 1971 kwa jina la Mwandishi, na hilo ndilo jina alilojitwalia Hancock.

Wenzake nao walikuwa na yao. Buster Williams wa besi aliitwa Mchezaji. Billy Hart wa dramu, Jabali. Bennie Maupin wa klarineti besi, Mwile. Julian Priester wa tromboni, Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea kazi hiyo. Majina hayo waliyapata kwa mpiga ngoma James Mtume, mfuasi wa harakati za Maulana Karenga za kuwarudishia Wamarekani weusi utamaduni wa Afrika.

Ndani ya santuri mna nyimbo tatu tu, na hakuna anayeimba mashairi. Wa kwanza umetungwa kwa heshima ya Angela Davis, ambaye wakati ule alikuwa mahabusu; mahakama ilimwachia huru mwaka 1972. Besi inarudia kifungu kilekile chenye mapigo 15, mguu unatafuta pa kukanyaga, na juu yake piano ya umeme na tarumbeta vinajadiliana.

Mswahili akiyasoma majina yale hakosi kutabasamu. Kwetu ala hupigwa, haichezwi. Mwenye kutunga muziki ni mtunzi. Na pepo, hata akiwa mtoto, ni wa kupungwa! Wapo pia wanaouliza: mababu wa watu hawa wengi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi, Kiswahili wamekipatia wapi?

Swali hilo ni la haki, lakini nadhani halifiki mbali. Mtu aliyenyang'anywa lugha ya babu yake hata asijue ilikuwa ipi, afanye nini? Walichagua lugha ya Kiafrika inayosemwa na makabila mengi bila kuwa mali ya kabila moja. Wakati huohuo, huku kwetu, walikuwapo wazazi walioona haya kumwita mtoto Jabali, wakatafuta jina la Kizungu ili aonekane ameendelea. Baina ya hao wawili, nani aliyekienzi zaidi Kiswahili? Mimi namchagua aliyekosea sarufi kwa mapenzi.

Heshima haikuwaletea fedha. Gharama za safari zilizidi mapato, na mwaka 1973 kundi likavunjika. Mwaka huohuo Hancock, akiwa na kundi jipya ambalo Maupin peke yake alibaki kutoka kwa wale wa zamani, alitoa Head Hunters, santuri nyepesi zaidi kuchezeka, ikanunuliwa kwa nakala zaidi ya milioni moja.

Hata hivyo wapenzi wa jazi bado huliita lile kundi la kwanza Mwandishi, na Billy Hart aliendelea kuitwa Jabali na wenzake hadi uzeeni. Wengi wanaoyatamka maneno hayo hawajui neno jingine lolote la Kiswahili. Hayo mawili wanayajua, na wanayatamka kwa heshima.