Kicheko cha Kashasha na Maharage ya Mama

Wiki ya tatu ya masomo yangu ya uzamili huku Marekani, mhadhiri alitupa mfano wa kutuchangamsha. Alisema kuna nchi moja ya Afrika ambako, mwaka 1962, wasichana wa shule walianza kucheka, wakashindwa kuacha, mpaka shule ikafungwa. Darasa zima lilicheka. Mwenzangu mmoja akauliza utani wenyewe ulikuwa upi.

Nchi hiyo ni kwetu. Nimezaliwa Nyabiyonza, Karagwe, na shule iliyotajwa iko mkoa wetu wa Kagera, karibu na Bukoba, mji ambao utotoni nilidhani ndio mwisho wa dunia kwa kuwa basi letu liliishia pale. Sikucheka, lakini sikusema neno pia. Niliona aibu, kwa sababu habari hiyo nilikuwa naijua kwa kuisikia tu, kama walivyoijua wao.

Jioni ile nilianza kuisoma. Ninachosomea kinaitwa uchambuzi tumizi wa tabia: elimu ya kuangalia mtu anafanya nini, kinachotangulia ni kipi, kinachofuata ni kipi, kisha kubadilisha mazingira ili maisha yake yawe na nafuu. Nilitaka kujua, kama mwanafunzi wa fani hiyo na kama mtu wa Kagera, nini hasa kilitokea.

Tunakijua kwa sababu madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, waliandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1963. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni, kijijini Kashasha, walipatwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, walikuwa wamefika 95 kati ya wanafunzi 159, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu hawakupatwa. Shule ikafunguliwa tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakapatwa, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Waliorudishwa nyumbani walifika na hali hiyo vijijini kwao. Nshamba peke yake, katika Aprili na Mei, walihesabiwa watu 217. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, nje kidogo ya Bukoba, wasichana 48.

Hakuna aliyecheka miezi mitatu mfululizo, ingawa ndivyo habari inavyosimuliwa. Hali ilikuja na kuondoka. Mtu alishikwa kwa dakika au saa kadhaa, akatulia, kisha ikamrudia. Kwa wengine ilichukua siku chache, kwa wengine hadi siku 16. Na hakikuwa kicheko cha furaha. Kulikuwa na kilio, kuhangaika huku na huku, na purukushani pale mtu alipozuiwa kwa nguvu. Wapo waliosema wanaogopa, kwamba kuna kitu kinawafukuza. Damu ilipimwa, chakula kikachunguzwa, sumu haikuonekana wala kijidudu. Madaktari wakahitimisha kwamba ni histeria ya kundi. Wahaya walikuwa wameshaipa jina lao: enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Kinyambo chetu ni jirani wa Kihaya, sikuhitaji tafsiri. Kilichonigusa ni kwamba wenyeji hawakuanza na neno kicheko. Walianza na neno ugonjwa.

Niliisoma ripoti kwa jicho la fani yangu, na kusema kweli niliiheshimu. Imehesabu nani, wapi, siku ngapi, nani aliyekutana na nani kabla hajapatwa. Nusu ya kazi yetu ni hiyo. Lakini nilipotafuta nusu ya pili, yaani maisha ya wasichana wale siku moja kabla ya tarehe 30 Januari, nilikuta kidogo sana. Waliamka saa ngapi? Nani alikuwa na mitihani? Nani alichapwa, na kwa kosa gani? Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, siku 52 tu kabla ya hapo, na msichana aliyefika shule ya bweni wakati ule alibeba matumaini ya ukoo mzima. Mwaka 2007, mtafiti Christian Hempelmann alirudi kwenye kisa hiki na kueleza kwamba kicheko kilikuwa dalili tu, na chanzo chake kilikuwa msongo wa muda mrefu kwa watu wasio na nguvu ya kusema wamechoka. Ilichukua miaka 45 hoja hiyo kuwekwa hivyo waziwazi.

Ningependa kuandika kwamba fani yangu ingefanya vizuri zaidi mwaka ule. Historia yake hainiruhusu.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoizaa. Jarida lake kuu lilianza mwaka 1968, na katika toleo la kwanza Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley, waliokuwa Chuo Kikuu cha Kansas, waliandika makala iliyoeleza fani hii iwe na sifa zipi. Hadi leo ni kati ya vitu vya kwanza tunavyosomeshwa. Lakini miaka mitatu kabla, mwaka 1965, jarida la Life lilikuwa limechapisha picha za Ivar Lovaas na wenzake wa Los Angeles wakiwafundisha watoto wenye usonji. Kulikuwa na chakula na kukumbatiwa mtoto alipofanya vizuri. Kulikuwa pia na makofi, kelele za kukaripia na sakafu yenye shoti ya umeme. B. F. Skinner, ambaye nadharia zake ndizo msingi wa kazi hii, alikuwa ameshaandika kwamba adhabu hukandamiza tabia kwa muda na kuacha madhara nyuma yake. Walimsoma, na umeme wakautumia. Chama cha kimataifa cha wachambuzi wa tabia kilikuja kutoa tamko la kupinga matumizi hayo ya umeme mwaka 2022. Sikukosea tarakimu. Watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna hii wanatuambia leo kwamba walifunzwa kuonekana kama wengine, na kwamba iliwagharimu. Tunasoma maneno yao darasani, na ni haki tuyasome.

Mgeuko ninaoushikilia mimi ni wa mwaka 1982. Brian Iwata na wenzake walifanya kazi na watoto tisa waliokuwa wakijiumiza: kujigonga kichwa, kujing'ata. Hadi wakati ule swali lilikuwa tutaizuiaje tabia hii. Wao waliuliza kwanza: inamfanyia mtoto kazi gani? Waliwaweka watoto katika hali tofauti. Katika moja, mtoto alipojiumiza alipata maneno ya kujaliwa. Katika nyingine alipewa kazi, na alipojiumiza kazi ilisitishwa. Katika nyingine alikuwa peke yake, na katika nyingine alicheza bila kuamrishwa kitu. Ikaonekana kwamba tabia ileile inaweza kuwa na kazi tofauti kwa watoto tofauti. Mmoja anajigonga ili aachwe, mwingine ili asogelewe. Ukiwapa wote dawa moja, mmoja wao unamuumiza.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mdogo wangu.

Ana miaka kumi na moja na haongei. Nyumbani anajing'ata mkono mpaka ngozi ya hapo imekuwa ngumu kama kisigino. Wapo waliosema amerogwa, na wapo waliosema anadekezwa. Nikiwa mwalimu wa kujitolea, kabla ya kuja huku, nilikuwa nikimshika mikono yote miwili kwa nguvu asijiume, na siku moja nilimchapa kibao. Aliniangalia, kisha akajing'ata mkono mwingine. Sikumweleza mtu yeyote jambo hilo hadi mwaka huu.

Baada ya muhula wa kwanza nilimpigia Mama simu nikamwomba kitu cha ajabu. Nikamwambia, "Mama, naomba uweke kopo mbili jikoni. Kila akijing'ata, hamisha haragwe moja. Usimkataze wala usimpigie kelele, hesabu tu. Halafu jioni uniambie kabla yake kulikuwa na nini na baada yake mlifanya nini."

Mama alinyamaza kidogo. Akauliza, "Mwanangu, ndicho kilichokupeleka huko, kuhesabu maharage?"

Lakini alihesabu. Kwa wiki mbili kaka yangu aliandika kwenye daftari aliyokuwa akiyasema Mama. Siku mbaya kopo lilikuwa na maharage kumi na moja. Yaliyotangulia yalikuwa karibu yaleyale kila siku: kuitwa kuoga maji ya baridi asubuhi, kubadilishwa shati, kuambiwa atoke karibu na jiko. Yaliyofuata pia yalifanana. Watu waliogopa, wakamwacha. Kwa maneno yetu ya darasani, tabia ile ilikuwa ikiimarishwa kwa kukwepa. Kwa maneno ya nyumbani, alikuwa akisema "niacheni kwanza" kwa kinywa pekee alichokuwa nacho.

Mama akaanza kupasha maji moto. Kisha akamfundisha kumkabidhi kipande cha kitambaa chekundu kikiwa na maana ya "basi kwanza", na kila alipokitoa alisubiriwa kweli. Zilipita wiki nyingi. Sasa siku ya kawaida ni maharage manne. Hajapona kitu, maana si ugonjwa. Ana namna ya kusema hapana bila kuvuja damu.

Nilipata kishawishi cha kuichukua hesabu ya maharage na kuipeleka Kashasha: wasichana walicheka, shule ikafungwa, wakarudishwa makwao, kwa hiyo walicheka ili warudi makwao. Ni kosa, na nalisema kwa wasomaji watakaovutiwa na fani hii. Kwanza, ripoti ya mwaka 1963 haina taarifa za kutosha kupima dai kama hilo. Pili, hata kama nyumbani kulileta nafuu, tabia kuwa na kazi si sawa na kujifanya. Mdogo wangu hapangi kujing'ata. Mwili hujifunza kinachosaidia kabla akili haijapata maneno. Ninachoweza kusema kuhusu wasichana wale ni kidogo: walipaswa kuulizwa mengi zaidi ya damu yao.

Kuna jambo la mwisho, la vyeti. Bodi kuu ya Marekani inayothibitisha wachambuzi wa tabia ilianzishwa mwaka 1998, na kuanzia Januari 2023 haipokei waombaji wapya isipokuwa kutoka nchi chache, Tanzania si mojawapo. Nikimaliza na kurudi Karagwe nitakuwa na shahada, lakini njia ile ya cheti imefungwa. Zipo bodi nyingine za kimataifa, na ipo elimu maalumu yetu wenyewe, yenye walimu waliofundishwa hapohapo nchini, ambao wamebeba kazi hii miaka mingi bila kuiita jina langu refu. Nadhani mahali pangu ni pembeni yao. Kanuni zetu za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko shuleni, hadi vinne, vikitolewa na mkuu wa shule au aliyemwidhinisha. Kwa hiyo mwalimu anayeuliza "mtoto huyu anatuambia nini?" anauliza akiwa na fimbo halali ukutani nyuma yake. Hapo ndipo ninapotaka kufanyia kazi.

Wiki iliyofuata nilinyoosha mkono darasani. Nikasema mimi ni wa Kagera, na kwamba wasichana wale walikuwa wakilia pia. Mhadhiri alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie tarakimu ili aziandike. Nikamtajia: 95 kati ya 159. Safari hii hakuna aliyecheka.