Spishi Vamizi: Vamizi Wapi?

Siafu wakiingia mzingani usiku, mfugaji husema wamevamia, na hakosei. Hula majana, hufukuza kundi zima, na asubuhi masega huwa matupu. Hata hivyo, mwanabiolojia hatawaita siafu hao spishi vamizi. Kitenzi ni kilekile. Istilahi imepewa mipaka yake.

Spishi vamizi ni kiumbe aliyefikishwa na shughuli za binadamu, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, mahali pasipo asili yake, akazaliana, akaenea na kuleta madhara. Ugeni bila madhara hautoshi: mahindi yalitoka Amerika, na hakuna anayeyapiga vita. Hayo ni spishi ngeni tu. Madhara bila ugeni nayo hayatoshi, ndiyo maana siafu hawamo. Mkataba wa Bayoanuai wa 1992, katika ibara ya 8(h), unafuata mantiki hiyo unapozitaka nchi kuzuia, kudhibiti au kuangamiza spishi ngeni zinazotishia mifumo ikolojia, makazi au spishi nyingine.

Mfano unaoonyesha vizuri jambo hili umetoka kwetu. Mbawakawa mdogo wa mizinga, Aethina tumida kwa jina la kisayansi, ana asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Andrew Murray alimweleza kitaalamu mwaka 1867. Ni mweusi au wa hudhurungi iliyokolea, urefu wake milimita 5 hadi 7. Hutaga kwenye nyufa za mzinga. Mabuu yake hutoboa masega yakila asali, chavua na majana, kisha hutoka na kujifukia udongoni ili yageuke mbawakawa. Yanapopita, hamira inayoandamana nayo huchachusha asali, ikawa uteute unaonuka kama machungwa yaliyooza.

Nyuki wa Afrika wamezoeana naye kwa uadui wa muda mrefu. Humfukuza, humsukumia kwenye pembe na kumzungushia gundi ya nyuki, huku walinzi wakikesha asitoroke. Mabuu yakionekana huyatupa nje, na hali ikizidi, kundi huhama. Kwa hiyo, katika kundi lenye nguvu, mbawakawa huyu ni kero ndogo. Hushamiri zaidi kwenye kundi dhaifu au masega yaliyoachwa bila nyuki.

Mwaka 1998 alitambuliwa Florida, Marekani, na huko mambo yakawa mengine. Nyuki wenye asili ya Ulaya wanaofugwa nchini humo nao huweza kumfungia kwa gundi, lakini huyatupa mabuu polepole zaidi, na ni wazito wa kuhama. Makundi mengi yaliangamia. Mwaka 2002 akagunduliwa Australia, na Septemba 2014 Calabria, kusini mwa Italia, karibu na bandari ya Gioia Tauro. Waitalia waliteketeza makundi ya manzuki alimopatikana na kutibu udongo kwa viuadudu, wakitaka kumng'oa kabisa.

Mdudu hakubadilika. Kilichobadilika ni mahali, pamoja na nyuki aliowakuta. Ndiyo sababu neno vamizi, likitumika kama istilahi, halikamiliki mpaka litajiwe eneo: vamizi wapi?

Hapa Kiswahili kina nafasi ya kutenganisha maana bila kubuni neno jipya. Kirai mdudu mvamizi, chenye kiambishi cha ngeli ya viumbe, kibaki katika usemi wa kawaida kwa yeyote anayeshambulia, siafu wakiwemo. Spishi vamizi itengewe maana ya kitaalamu. Kwa mbawakawa wetu akiwa kwetu, linafaa jina mdudu mharibifu wa asili.

Tofauti hii huamua hatua za mfugaji. Penye spishi vamizi iliyogunduliwa mapema, kuangamiza kabisa ni lengo linaloweza kuwa na maana. Tabora au Kitui, kumwangamiza mbawakawa asilia hakuwezekani wala hakuhitajiki. Kazi ni kudumisha makundi yenye nguvu, kuziba nyufa, na kutoacha masega yakizagaa baada ya kurina. Ripoti ya manzuki za huko ikimwandika spishi vamizi, itakuwa imekosea istilahi, na huenda ikamwagiza mfugaji anunue sumu asiyoihitaji.