Tintin Kongo: maneno yalibadilishwa, nyuso zikabaki

Mwaka wa 1930, kijana wa Brussels mwenye umri wa miaka 23 alianza kuchora Kongo bila kuwahi kufika Kongo. Jina lake la kazi lilikuwa Hergé. Hadithi yake, Tintin au Congo, ilitoka kila juma katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Ubelgiji. Mwaka wa 1931 ikawa kitabu.

Padri aliyeongoza gazeti hilo alitaka vijana wa Kibelgiji waipende koloni, na michoro ikaifanya kazi hiyo. Wakongomani wamechorwa karibu sura moja: midomo mikubwa kupita kiasi, macho ya mshangao, nguo za Kizungu zilizovaliwa ovyo. Katika ukurasa mmoja, gari la Tintin linakwama relini. Treni inaligonga, na treni ndiyo inayoanguka. Abiria wanasitasita kuinyanyua, na hata mbwa wa Tintin anawaita wavivu.

Historia ya reli inasema mengine. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilijengwa kati ya 1890 na 1898 kwa mikono ya Waafrika, na wengi walikufa kazini. Mtoto wa Brussels hakuwaona hao. Aliona picha tu.

Mwaka wa 1946 Hergé alikichora upya kitabu kwa rangi. Hapo awali Tintin aliwafundisha wanafunzi Wakongomani kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Sasa anawafundisha hesabu. Maneno yalibadilishwa. Nyuso za wanafunzi zikabaki zilezile.

Mwaka wa 2007 Mkongomani aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishitaki kitabu hicho. Mwaka wa 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi lake, ikisema haikuona nia ya kuchochea ubaguzi. Hergé mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka wa 1983, alikiri kwamba alichora kwa mawazo ya watu waliomlea.

Kitabu kingali kinauzwa. Mzazi anapomsomea mtoto anaweza kuliruka neno baya, lakini picha mtoto ameshaiona. Akiuliza, "Baba, sisi ndivyo tulivyo?", jibu lianzie hapa: aliyechora hakuwahi kufika huku.