Saikati, Tamani na ujasiri wa wanawake katika filamu zetu

Zamani, katika majumba ya sinema ya jijini Nairobi, stelingi (sisi wa fasihi humwita jagina) alikuwa mwanamume. Mwanamke alilia, akaokolewa, basi. Mwaka wa 1992, Anne Mungai akatuletea Saikati, msichana Mmaasai aliyetamani udaktari ilhali jamaa zake walitaka aolewe na mwana wa chifu. Akatorokea Nairobi na binamuye, Monica. Kumbe Monica mwenyewe anauza mwili! Kwangu mimi, ujasiri wa Saikati unapimwa hapa kuliko kule kutoroka. Mji nao ulikuwa na bei yake, naye hakuwa tayari kuilipa.

Miaka 16 baadaye, katika From a Whisper, Wanuri Kahiu alimsawiri Tamani, kijana anayemtafuta mamake aliyepotea katika shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, katikati ya jiji. Anadai ukweli ambao babake amemficha.

Kisha Rafiki yake Kahiu ikapigwa marufuku mwaka wa 2018. Mwelekezi huyo akaenda Mahakama Kuu, marufuku ikasitishwa kwa siku 7, na watu wakajaa katika ukumbi wa Prestige, Barabara ya Ngong.